Kiingereza Kisicho na Kiboko

 Tunaandika kutoka Ziwani, Nairobi, na kwa kuwa wengi wenu mko Mombasa, Lamu na Malindi, yafaa tueleze kwanza tuko wapi. Ziwani ni mtaa wa nyumba za baraza la jiji zilizojengwa zama za ukoloni, nyumba fupi zilizopangwa safu kwa safu, upande wa mashariki ya katikati ya mji. Jirani zetu ni shule ya Starehe, soko la Gikomba, na Kariokor, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Pumwani na Majengo, ambako Waislamu wasemao Kiswahili wamekaa tangu miaka ya 1920. Kwa hivyo mtu wa Pwani akihamia huku hawi mgeni kabisa. Adhana huisikia, mahamri huyapata, na wa kumwitikia salamu yake hawakosekani.

Sisi ni akina mama watano. Wawili tulifundisha shule za msingi hata tukastaafu, mmoja alikaa mapokezi ya hoteli kwa miaka mingi, na wawili ni wa nyumbani, kwa maana kwamba hufanya kazi kuliko sisi wengine sote. Mara mbili kwa juma, baada ya swala ya Alasiri, sebule ya mmoja wetu hujaa wanawake wanaofanya kazi katika mahoteli ya mjini: watandika vitanda, weita, wasaidizi wa jikoni, na wawili watatu wa mapokezi. Wengi hutoka zamu ya asubuhi miguu imewavimba. Huvua viatu, hunywa chai, kisha tukacheza. Hatusemi kusoma, na neno hilo tumelikwepa kwa makusudi.

Asili ya jambo hili ni barua ya onyo. Binti wa ndugu ya mmoja wetu hutandika vitanda katika hoteli moja mjini, ambayo hatutaitaja. Siku moja mgeni alimkuta ukumbini akamwuliza kwa Kiingereza, “Haven’t you cleaned my room?” Yaani, hujasafisha chumba changu? Binti akajibu, “Yes.” Kwa Kiswahili amesema kweli tupu. Mtu akikuuliza “Hujala?” nawe hujala, wamwitikia “Ndiyo,” maana yake ndivyo kama usemavyo, sijala. Kiingereza hakiendi hivyo. Kwa Mwingereza “yes” hapo ni kwamba umekwisha safisha. Mgeni akafungua mlango, akakuta kitanda hakijaguswa, akashuka kwa meneja kushtaki kwamba ameambiwa uongo usoni pake.

Binti akaitwa ofisini. Akaulizwa kwa nini amemdanganya mgeni. Hakusema neno. Alitazama vidole vyake, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ni kukiri. Jioni ile alitusimulia kwa Kiswahili nusu saa nzima, kwa mpangilio wa kupendeza: kwamba lifti iliharibika tangu asubuhi, kwamba shuka zilichelewa kutoka kwa dobi, kwamba mwenzake hakuja kazini naye akabebeshwa vyumba vya watu wawili. Maelezo yote alikuwa nayo. Hayakupata mlango wa kutokea.

Tuseme hapa jambo ambalo kila mwenye binti hotelini yampasa alijue. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, yamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa udhaifu wa kazi, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wakati wa maelezo hayo. Chama cha wafanyakazi wa mahoteli ni KUDHEIHA. Barua ya onyo si kuachishwa kazi, lakini ni ngazi ya kufikia huko, na mtu anayejua haki yake hupanda ngazi ile akiwa na shahidi. Binti yetu hakuyajua hayo siku ile. Sasa anayajua.

Walakin sheria hiyo ni ya ofisini. Ukumbini, mbele ya mgeni mwenye haraka, hakuna kifungu cha 41. Pale pana ulimi tu.

Na hili ndilo lililotushangaza tulipokaa na wenziwe: Kiingereza wanacho. Wamepita miaka minane ya shule ya msingi, wengine na minne ya sekondari, wakifundishwa masomo mengi kwa lugha hiyo. Husoma menyu, hujaza fomu za dobi, huangalia filamu bila ya kuhitaji mfasiri. Mpe karatasi atakuandikia. Mwambie asimame aseme, sauti hushuka, mkono huja mdomoni, na sentensi aliyokuwa nayo humponyoka kama samaki. Kumfundisha mtu huyu sarufi zaidi ni kumwongezea shehena mtu ambaye shida yake ni bandari.

Hofu hii ina historia. Karibu kila aliyesoma Kenya anakijua kile kibao cha shuleni, wengine wakikiita diski, alichovishwa mtoto aliyekutwa akisema Kiswahili au lugha ya mama yake. Ukikivaa, unavizia mwenzako ateleze umpe yeye; jioni aliyekutwa nacho huchapwa. Ngũgĩ wa Thiong’o ameyaandika haya katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1986, Decolonising the Mind: namna watoto wa wakati wake walivyopigwa, au kutundikwa shingoni kibati chenye maneno ya kujitukana wenyewe. Sisi wawili tuliofundisha tulikivaa kibao hicho tukiwa wanafunzi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeharamisha adhabu za kupiga na za kumdhalilisha mwanafunzi, na alhamdulillahi kwa hilo. Lakini mama wa miaka thelathini na tano anayefuta kioo cha ghorofa ya sita alilelewa kabla ya sheria hiyo, na mwili wake ungali unakumbuka kwamba ukikosea Kiingereza kuna kitu kitakuangukia.

Linganisheni na Malindi. Nyote mnajua vijana wa pale na wa Watamu ambao hawakukaa darasa la Kitaliano hata siku moja, nao wanakisema Kitaliano kwa kasi ya mvua. Hawakuzaliwa na akili kuliko watandika vitanda wa Nairobi. Walijifunza wakiuza vinyago, wakitaniana, wakikosea na kuchekwa na kucheka wao pia, na kosa halikuwagharimu zaidi ya bei ya kinyago. Hakuna aliyewachapa kwa ajili ya Kitaliano. Kwa hivyo hawakiogopi.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Stephen Krashen, aliandika mwaka 1982 kwamba hofu na fedheha huweka kama kichujio baina ya mtu na lugha anayojifunza, lugha ikapita masikioni isiingie. Wenzake wamempinga katika mengi, nasi si wataalamu wa kuamua baina yao. Ila katika hili twaona kwamba amesema jambo ambalo bibi zetu walilijua, maana wao walitufundisha lugha kwa vitendawili.

Fikirini kanuni ya kitendawili. “Kitendawili!” “Tega!” Anatega, mnapiga bongo, mnashindwa. Je, aliyeshindwa hupigwa? Hutoa mji. “Nipe mji,” naye akatoa Mombasa, au Zanzibar, au Makka kama ni mwenye mapenzi, na mwenye kitendawili akenda katika mji huo akala akanywa, kisha akatoa jibu, na mchezo ukaendelea. Kushindwa kumegharimu mji ambao hukuwa nao tangu awali. Sisi twaona hiyo ndiyo hekima yote ya kujifunza kwa michezo, na tungalikuwa na la kusema kwa walimu wa mahoteli lingekuwa hilo: fanyeni kosa liwe rahisi, watu watasema.

Basi mchezo wetu wa kwanza ulikuwa kitendawili kwa Kiingereza, juu ya vitu vya hotelini. Mmoja huchota karatasi katika kikapu, imeandikwa ufunguo, au taulo, au pasi, au lifti. Hana ruhusa ya kulitaja neno. Lazima alieleze: mdogo kuliko kidole lakini bila yeye chumba hakifunguki, hupanda na kushuka kutwa nzima wala halalamiki. Wenzake wakishindwa, hutoa mji, na hapa tumeongeza kidogo: mwenye kitendawili akiupata mji lazima aseme kwa Kiingereza sentensi mbili tatu za alichokiona huko. Mama mmoja wa jikoni, ambaye juma zima la kwanza hakufungua kinywa, alipewa Lamu. Alikuwa amezaliwa huko. Tulipomkatiza ilikuwa imebaki robo saa ya Magharibi, naye angali gatini anashuka jahazini. Makosa ya sarufi yalikuwa mengi kama mchanga wa Shela, na hakuna aliyeyahesabu.

Kuzunguka neno namna hii si mchezo wa kitoto. Ndiyo kazi yenyewe. Mfanyakazi akisahau jina la kitu mbele ya mgeni, ama atanyamaza, ama atalizunguka: kile kitu cha kunyooshea nguo. Mwenye kulizunguka ameokoka.

Mchezo wa pili tuliutunga kwa ajili ya yule binti. Soksi kuukuu imesokotwa ikawa mpira. Anayerusha huuliza swali la kukanusha: Hujaleta sabuni? Huna ufunguo? Chai haiko tayari? Anayedaka lazima ajibu kwa sentensi kamili, wala si kwa “yes” au “no” pekee, kabla hatujahesabu tatu. Twasisitiza sentensi kamili kwa sababu hiyo ndiyo ngao. Ukisema waziwazi kwamba bado hujakisafisha, mgeni hawezi kukusikia vingine, hata ukitanguliza “yes” isiyo mahali pake. Akikosea, hurusha yeye. Soksi huzunguka kwa kasi, watu hucheka hata majirani wakachungulia, na baada ya majuma matatu manne jibu hutoka kabla ya hofu kupata nafasi ya kufika.

Mchezo wa tatu ndio upendwao kuliko yote. Kikapuni mna karatasi za wageni: mgeni aliyepoteza saa, mgeni asiyelala kwa kelele za feni, mgeni mwenye mtoto mgonjwa, mgeni aliyeletewa hesabu ya chakula asichokula. Mmoja huwa mgeni, mwingine huwa mfanyakazi, kisha hubadilishana. Hatukutazamia kwamba raha kubwa ingekuwa katika kuwa mgeni. Mwanamke ambaye kutwa ameinama chini ya vitanda vya watu, hapa hukaa kitini, akakunja nne, akapandisha sauti kwa Kiingereza akilalamika kwamba mto wake ni mgumu kama jiwe. Kiingereza hicho amekitoa wapi? Amekuwa nacho siku zote. Alikuwa amekisikia kikimwangukia yeye. Akivaa uso wa mtu mwingine, woga hubaki kwa mwenye uso.

Hapo ndipo tulipoona pia kwamba taabu nyingine si maneno, ni adabu inayosafiri vibaya. Mswahili huuliza kwa upole, “Unataka nini, mama?” na hakuna aliyekosewa. Neno kwa neno kwa Kiingereza, ni kama mtu aliyekerwa anayeuliza umefuata nini hapa. Mgeni akijikwaa ngazini, twamwambia pole, na kwa Kiingereza twasema “sorry”. Yeye hushangaa, maana kwao neno hilo ni la aliyekosa, naye hakuona umemkosea. Mwenzetu wa mapokezi anayajua haya kwa makumi, na kila moja ameligeuza kuwa karatasi ya kikapuni. Huyafundisha bila ya kudharau upande wowote. Pole yetu, asema, ni nzuri kuliko yao, lakini mgeni hajui, basi mwongezee neno la kumuuliza kama ameumia.

Upo na mchezo wa namba. Kila mmoja ana karatasi ya viboksi vyenye namba za vyumba, na maharagwe mkononi; bibi mmoja huita namba, na mwenye namba hiyo huweka haragwe. Twajua kwamba huko Ulaya mchezo huu huchezwa kwa fedha. Sisi tumechukua karatasi tukaacha fedha. Faida yake ni hii: Kiswahili hukaza sauti katika silabi ya kabla ya mwisho, karibu kila neno, nasi huhamishia mazoea hayo katika Kiingereza. Basi kumi na tatu ya Kiingereza hutoka kama thelathini, kumi na tano kama hamsini, na chakula cha chumba 113 kikapelekwa chumba 130, kikapoa mlangoni kwa mtu aliyelala. Hutamka namba huku tukipiga kofi moja zito pahala pa mkazo. Mkono hujifunza kabla ya ulimi.

Na kwa kuwa tumegusa matamshi: irabu zetu ni tano tu, na za Kiingereza ni nyingi, tena ndefu na fupi hutenga maneno. Neno lao la shuka, irabu yake ikikatwa fupi, hugeuka tusi ambalo jarida la nyumbani haliwezi kulichapa. Tumekutana na watandika vitanda wanne ambao, kwa kuliogopa neno hilo, kwa miaka hawakulitamka kabisa; walionyesha kwa kidole. Twawapa ukanda wa mpira, ule wa kufungia pesa, wauvute kwa mikono miwili wakati irabu ikivutwa. Siku ya kwanza palikuwa na kicheko cha kufunika nyuso kwa mitandio. Siku ya tatu neno likawa shuka tu.

Baadhi ya ndugu zetu walituuliza kuhusu kamari, na swali lao ni la haki. Suratul Maida imekataza kamari waziwazi, na katika Sahih Muslim imepokewa hadithi inayokemea mchezo wa dado. Kwa hivyo hatuna dado wala karata, hatuna kiingilio wala zawadi ya fedha. Kura twapiga kwa vikaratasi, na aliyeshinda humwagiwa chai kwanza. Kama lipo la kuongeza kutoka kwa wanazuoni wetu, twalipokea.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilitoka kwa akina mama wenyewe: je, kumzoeza mwanamwali kupaza sauti mbele ya wageni si kumvua haya? Tulilizungumza jioni mbili. Haya ni tawi la imani, hilo halina mjadala. Lakini Bibi Aisha, Allah amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Waliuliza waliyohitaji kuyauliza. Twaona basi kwamba haya ni jambo moja na woga ni jambo jingine, japo hukaa nyumba moja na watu huwachanganya. Mwenye haya huchagua asiseme. Mwoga hana cha kuchagua. Binti aliyekaa ofisini akitazama vidole vyake hakuwa akistahi, alikuwa amezibwa.

Tena sikilizeni. Karatasi zinazoombwa zaidi kikapuni siku hizi si za wageni, ni za meneja. Dada mmoja alitaka kuomba dakika za kuswali Adhuhuri bila ya kukatwa saa. Mwingine alipangiwa upande wa vinywaji vya kulevya, akataka kuhamishwa kwenda vyumbani. Wa tatu alitaka kuvaa mtandio pamoja na sare. Mameneja wengi ni Wakenya na Kiswahili wanakifahamu vyema, lakini mkutano wa ofisini huku mjini hugeuka Kiingereza mara mlango ukifungwa, na mwombaji hubaki ameduwaa. Basi tukacheza. Mmoja wetu alikuwa meneja, tena meneja mgumu, anayetazama saa na kukatiza maneno. Dada wa mtandio aliomba mara saba. Mara ya tano alikasirika kweli, akasahau kuogopa. Hotelini aliomba mara moja, akakubaliwa kwa sharti la rangi. Aliyetaka kuhama upande wa vinywaji bado anasubiri jibu. Ameandika barua na nakala anayo. Wa Adhuhuri amepewa dakika kumi, nazo zinamtosha akiwa na udhu.

Si wote waliopokea mambo haya kwa furaha. Mama mmoja wa makamo, mpishi hodari, alisimama siku ya pili akasema kwamba yeye ana watoto wanne na mjukuu, hakuja hapa kurusha soksi. Hatukumshika. Alirudi baada ya mwezi, akaomba kazi ya kuita namba, kwa kuwa mwenye kuita hachezi. Tukamwachia. Ni yeye yule bibi tuliyemtaja. Huziita namba kwa sauti ya muadhini, na tunashuku kwamba hukoroga kumi na tano na hamsini makusudi ili awatege vijana.

Alama nazo zina hila. Tulipoanza kumwandikia kila mtu alama zake ukutani, wenye ulimi mwepesi walizinyakua zote na wazito wakarudi kimya chao. Mchezo ukawa darasa tena. Tangu hapo alama ni za wawili wawili, mzito na mwepesi, wala hazipatikani mpaka mzito aseme. Ndiyo maana pia hatuzitegemei sana programu za simu za kujifunzia lugha, zenye nyota na ngazi. Si mbaya, na binti mmoja huzitumia kwenye matatu akienda kazini. Lakini simu haikunji uso, haiharakishi, haikatizi. Mgeni hufanya yote matatu.

Wala michezo haitoshi. Atakaye kupanda cheo atahitaji cheti, na cheti hakipatikani kwa maharagwe. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1975 barabara ya Thika kwa msaada wa serikali ya Uswisi, kingali ndicho mlango mkubwa, na karo yake si ya kila nyumba ya Ziwani. Sarufi nayo ina siku yake. Wenzetu wawili walimu hukaa na wanaoitaka, kwa kalamu na daftari, baada ya wengine kuondoka. Tumegundua tu kwamba wanaoitaka ni wale waliokwisha kusema. Mtu huhitaji kanuni za barabara akiwa na safari.

Wala hatumfundishi mtu kusema kama mzaliwa wa London. Lafudhi ya Kibajuni ndani ya Kiingereza haimzuii mgeni kupata taulo yake.

Vijana wa kiume wa mtaani, weita na wabeba mizigo, walipoomba kuingia, mume wa mmoja wetu aliwafungulia barazani kwake siku za Jumapili, kwa karatasi zilezile. Wao husema kwa wingi zaidi na kusikiliza kidogo, basi amewatilia mkazo mchezo wa simu: wawili hukaa wamepeana migongo, mmoja akaagiza chakula, mwingine akaandika, bila ya mikono wala uso wa kusaidia.

Baadhi yenu huko Likoni na Kisauni mmetutumia salamu mkiuliza namna ya kuanza. Karatasi zetu mtakatiwa nakala, ila zibadilisheni. Hoteli za ufukweni zina wageni wengine na matata mengine: mchanga vyumbani, tumbili mezani, mgeni anayetaka kukodi mashua jua limezama. Msianze na wengi. Wanane watosha, na tisa kama mmoja ni bibi wa kuita namba. Maharagwe yawe ya zamani, makavu, tena yahesabuni kabla na baada, kwani sebuleni kwetu mna mtoto wa miaka miwili ambaye amekwisha kutia mawili puani.